Mwalimu Atuganile na Waya wa Zahanati

Ndugu waombolezaji, mwenyekiti wa kijiji, walimu, na ninyi nyote mliotembea kutoka Matai katika tope hili, mimi ni Sadoki, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na mkiona nasita msidhani sijui kusoma, ni kwamba hata sasa hatujaamini.

Mwalimu Atuganile alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 huko Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mtoto wa kwanza wa mzee Asajile na mama Ndimyake, kesho angetimiza miaka thelathini na mitatu. Alianza darasa la kwanza mwaka 1952, akamaliza la nane mwaka 1959, akaingia chuo cha ualimu, na Januari 1962 akashika chaki kwa mara ya kwanza palepale Tukuyu. Mwaka 1966 alihamishiwa Sumbawanga, akatuandikia kwamba upepo wa Ufipa unapuliza mpaka ndani ya kikombe cha chai, tukadhani hatakaa, kumbe amefika.

Hapo Sumbawanga ndipo alipokutana na Eustaki, fundi seremala aliyeletea shule madawati yaliyopinda, mwalimu akayakataa, fundi akayanyoosha akayaleta tena, yakakataliwa, na mara ya tatu akasema, "Mwalimu, kama unataka nije kila siku, sema tu." Walifunga ndoa tarehe 13 Julai 1968, wakajaliwa watoto wawili, Josefina aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1969, na Suma, tarehe 20 Novemba 1972. Mwaka 1974 watu walipohamia vijijini, nao walihamia hapa, yeye akafundisha watoto asubuhi na wakubwa alasiri.

Katika darasa hilo la watu wazima, wakishamaliza kusoma na kuandika, marehemu alikuwa akitoa betri za redio, waya na balbu ya tochi, akaiwasha mbele yao, akasema kwamba umeme hutoka upande huu wa betri, hupita kwenye balbu, hurudi upande wa pili, na njia ikikatika popote taa huzimika. Mama Adela, ambaye tunaye hapa, alimwuliza, "Sasa ule uliobaki kwenye waya unakwenda wapi?" Akamjibu, "Hauendi, mama, unangoja njia, na ukiushika wewe ukiwa umesimama kwenye maji, njia ni wewe." Betri zile hazidhuru mtu, aliwaambia, lakini jenereta likija lina nguvu ya kuua, na mkimwona mtu amenaswa msimguse, zimeni kwanza. Alilirudia neno hilo hata wakambandika jina, Mwalimu Zima Kwanza, naye akaitika.

Jenereta lilifika Septemba mwaka jana, likawekwa ghalani karibu na mashine ya kusaga, wananchi wakakata nguzo, waya ukavutwa kutoka ghalani hadi zahanati.

Ndugu zangu, mahali kama hapa katika historia ya mtu husomwa ugonjwa wake, na hospitali alizopelekwa, sisi hatuna cha kusoma, marehemu hakuugua, siku ya Alhamisi tarehe 10 Machi 1977 aliamka mzima, akapika uji, akaenda kazini.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki, jenereta lilikuwa linafanya kazi, mvua ya upepo ikakata waya, ukaanguka katikati ya njia wanayopita wanafunzi, na taa ya zahanati ikazimika. Eustaki aliona taa imezimika, mvua ikipiga mabati hakusikia mngurumo wa ghalani, akaona watoto wanakaribia kutoka darasani, akainama kuuondoa waya, mkono ukafunga, hakuweza kuuachia. Marehemu alitokea mlangoni mwa darasa, akapiga kelele, "Mama Adela, zima! Zima!" na mama Adela, aliyekuwa penye mashine ya kusaga, akatupa ungo wake akakimbilia swichi. Alichotakiwa kufanya dada yetu ni kungoja, yeye aliyewafundisha wote kungoja, lakini hakungoja, alimvaa mumewe kwa mikono miwili, akamng'oa, Eustaki akaanguka upande mmoja, na waya ukambakia yeye. Swichi ilipozimwa alikuwa amekwisha kukata roho.

Tulipofika jana kutoka Tukuyu, sisi upande wa mke, tulifika na hasira, hatufichi, tukamwuliza shemeji mbele ya watu, "Fundi mzima unashikaje waya wa umeme?" Alikuwa amekaa na mikono yake iliyofungwa bendeji, tangu Alhamisi hajala. Mama Adela akasimama akasema, "Shikamooni wazazi wangu, taa ilizimika kwa sababu njia ilikatika, lakini waya ulikuwa bado una umeme, ungemdanganya mtu yeyote, na asingeuinamia yeye, leo tungekuwa tunazika watoto." Mzee Asajile akanyanyuka, akaenda kuketi kwenye mkeka wa mkwewe, akachukua tonge la ugali, akamwambia, "Mwanangu, mikono yako haiwezi, fungua kinywa."

Kwa hiyo familia inatangaza kwamba Josefina na Suma watabaki hapa na baba yao, na Rungwe ni kwao vilevile. Tunamshukuru mganga wa zahanati, aliyemhangaikia dada yetu mpaka alipoambiwa inatosha, na dereva aliyetutoa Sumbawanga usiku, na walimu wenzake, na majirani waliochimba kaburi ndani ya mvua, na wewe mama Adela, hatuna neno la kukutosha.

Shemeji yangu hawezi kusimama kusema, asubuhi ya leo ameniita, ameniomba nimalizie kwa maneno yake nisiyabadilishe, nayo ni haya: "Mwambieni mama Josefina kwamba nilimwona akija, nikataka kumkataza, mdomo haukufunguka."

Dada, umesikia. Lala kwa amani.