Kijiti Hakikulia

Sogezeni viti, wanangu. Wewe Juniper huku kwenye sikio langu zima, na wewe Alder mahali ninapoweza kuiona mikono yako, na hiyo chupa iache juu ya meza. Leo ni Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2019, saa tatu na robo asubuhi, na akili yangu ni timamu ingawa pumzi ninazovuta ni za kuazima. Saa nne jirani yetu Thad Brandvold atafika kuichukua chupa hiyo. Nasema mapema, msije mkadhani ni mzee anayeweweseka: haondoki nayo. Hata ua moja.

Usinung'unike, Alder. Najua umeilea mimea ile sita ya bangi tangu Aprili kama mtu aleavyo yatima wa nduguye. Jana ulipoifungua chupa chini ya pua yangu ukasema, "Nusa, mzee, uniambie kama mama angeishinda hii," nilinyamaza, nawe ukadhani nimelala. Sikulala. Nilinusa nyasi mbichi zilizofungiwa, na nyuma yake, kwa mbali, banda la kuku. Harufu hiyo naijua, nimeishi nayo miaka ishirini na miwili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nataka nijiumbue mwenyewe kabla hakijafika hicho cha kuniumbua.

Kwanza mali, pumzi isije ikanikatikia njiani. Nyumba hii na ekari kumi na sita za upande wa barabara ni za Juniper. Banda la nailoni na ekari ishirini na nne za mteremkoni ni za Alder. Chemchemi si yenu peke yenu. Hati yake imo kwenye droo ya juu, imetiwa saini na kushuhudiwa tarehe 3 Septemba mwaka huu: nusu ya maji yale yanarudi kwa Thad, na bomba lake liungwe upya kabla ya Krismasi. Naona mnatazamana. Mmekua mkijua kwamba sisi akina Stallcup na akina Brandvold hatusalimiani kwa sababu ya maji. Si kweli. Ugomvi ule niliuzusha mimi, na niliuzusha kwa makusudi.

Sikilizeni, basi. Nilikuwa karani wa masjala ya hati za ardhi ya kaunti hii kuanzia tarehe 6 Aprili 1959 hadi tarehe 28 Juni 1996, na katika miaka yote hiyo sikuchelewesha hati ya mtu hata siku moja. Bangi ilikuwa kazi ya mama yenu, Lenore. Yeye ndiye aliyeipanda chini ya miti katika miaka ile ya helikopta za polisi kila Agosti, nami nilifunga tai yangu na kinywa changu, nikaenda ofisini. Kiangazi na vuli ya mwaka 1997 alikuwa Oregon akimuuguza bibi yenu. Wewe Alder ulikwenda naye, na Juniper alikuwa chuoni. Nikabaki na mimea tisa, pamoja na kiburi cha mstaafu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba amekosea.

Corliss, mke wa Thad, alikuwa na saratani ya damu, na dawa za hospitali zilimtapisha hata maji. Sheria ilikuwa imewaruhusu wagonjwa kuitumia bangi tangu Novemba iliyotangulia. Thad akaja akaegemea uzio wetu. "Karani," akaniambia, "mke wangu tangu Jumapili amekula biskuti moja, nayo aligawana na mbwa. Lenore angekuwapo ningemwomba yeye. Wewe unaweza, au unajua kupanda mihuri tu?"

Nikamjibu, "Tarehe 18 Oktoba, saa nne asubuhi, chupa mbili zitakuwa mkononi mwako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na mvua je, umeshaiandikia barua?"

Mwezi Julai majani ya chini yakageuka manjano. Mjuzi angepima maji kwanza, kwa maana uchachu wa maji ukipotoka, mizizi hufumba kinywa hata kama udongo umejaa chakula. Mama yenu alikuwa na karatasi za kupimia, zilikuwa jikoni, wala sikuzigusa. Mimi niliona njaa, nikalisha. Mbolea ya kinyesi cha popo vikombe viwili, kisha vinne, kisha maji ya samaki waliooza. Kufika Agosti majani yalikuwa ya kijani kilichokaribia weusi, ncha zake zimejikunja kuelekea chini kama kucha za mwewe. Huko ni kuvimbiwa, wanangu. Mimi nikakuita afya, nikaendelea kulisha hata mimea ilipoanza kutoa maua, wakati ambapo ilipaswa kupunguziwa. Nayo ikazaa vichwa vya maua vikubwa kama ngumi, vizito, vilivyoshikamana hata hewa haipenyi. Majirani walikuja kuvitazama. Mvua nayo ikaja, tarehe 4 Oktoba, siku tatu mfululizo.

Tarehe 8 niliona katikati ya kichwa kizuri jani moja lililokauka peke yake. Nililigusa, likatoka bila kushika. Nikakipasua kichwa: ndani kuvu ya kijivu tupu, na vumbi lake likanirukia usoni. Hapo mkulima hulikata tawi zima akalizika mbali. Mimi nilikata palipooza, nikapasafisha kama anayefuta neno moja kwenye hati, nikabakiza kilichosalia. Wala sikushika lenzi kuutazama utomvu kama umekwisha kuwa mweupe mfano wa maziwa, ndiyo dalili ya kuiva; nilitazama kalenda. Tarehe 11 nikavuna yote, nikayatundika matawi katika banda la kuni yakiwa yamebanana, dirisha nimelifunga kwa sababu ya mvua, na jiko linawaka. Maua yakakauka nje, ndani yakabaki mabichi. Maua hutaka giza, ubaridi na hewa inayotembea taratibu, kwa siku kumi hadi kumi na nne. Mimi niliyapa sita.

Tarehe 17 mchana majirani walikuja kuketi mezani na mikasi yao, kupunguza majani kama ilivyo desturi, na Thad alikuwa miongoni mwao. Nanyi mnaijua desturi: kabla ya chupa kufungwa, mwenye nyumba huvunja kijiti cha ua kando ya sikio lake, na kikilia ta, yaani kimekauka, ndipo hufungwa. Neno lake halihojiwi na mtu. Nilikivunja. Kilijikunja kama kamba ya kiatu. Mikasi yote mezani ilisimama.

"Kimelia, Karani?" Thad akaniuliza.

Nikasema, "Kimelia."

Mmoja wao akatania, "Kingethubutu kutolia mbele ya Karani!" Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Asubuhi yake, kabla hajafika, nilizifungua chupa. Nyasi mbichi, banda la kuku. Nilizifunga tena, na ilipotimia saa nne zilikuwa mkononi mwake, kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi ya tarehe. Corliss alivuta, akala. Kwa siku tisa alikula mayai na viazi, na Thad alinipigia simu akilia kwa furaha. Kisha ikaja homa. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Daktari alisema ni kuvu kwenye mapafu, ambayo mtu mwenye afya huivuta kila siku bila kudhurika, lakini damu ya Corliss haikuwa na askari tena. Hakusema imetoka wapi. Huenda ilitoka kwenye kuni, huenda kwenye udongo wa bustani yake. Hiyo "huenda" nimeitapatapia kama mfa maji mpaka leo.

Machi 1998 Thad alikuja, akasimama pale mlangoni. "Emory," akasema, siku hiyo hakuniita Karani. "Zile chupa zilikuwa kavu?"

Swali la kujibiwa kwa neno moja. Nami nikamfokea habari za bomba, kwamba anainyonya chemchemi yangu. Nikamtandazia ramani ya mwaka 1922, nikamwambia asikanyage tena hapa. "Nimekuuliza habari za mke wangu," akasema, "wewe unanijibu habari za maji." Kesho yake nikalikata bomba lake kwa msumeno. Uongo mmoja hautembei peke yake, wanangu, hutafuta mwenziwe wa kumshika mkono.

Na sasa wewe Alder, kwa wema wako, umemkuta dukani amekonda, ukasikia kwamba tangu Mei anatiwa dawa zilezile alizotiwa mkewe, ukamwambia njoo nyumbani, yaliyopita si ndwele. Maua haya umeyakausha siku ngapi? Usinijibu, nimehesabu kutoka kitandani. Saba. Na mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Toa kijiti kimoja. Kivunje hapa, karibu na sikio la dada yako.

Basi. Hata sihitaji kumwuliza.

Inua uso, mwanangu. Kosa si lako. Hukufundishwa, maana aliyepaswa kukufundisha alikuwa na la kuficha. Usiichome chupa hiyo, moshi wake ni uleule. Ukaizike bondeni, mbali na banda. Matawi yaliyobaki yapasue moja baada ya jingine, na penye kijivu hata kama ni kadiri ya punje ya dengu, zika tawi zima. Mwakani pimeni maji kabla ya kulisha. Thad mnunulieni dukani bangi iliyopimwa maabara, nanyi mkampelekee... mkampelekee wenyewe.

Maji, Juniper. Kidogo tu. Inatosha.

Pumzi ikinitoka kabla hajafika, mtamwambia ninyi: kijiti hakikulia, na baba yetu alijua. Maneno hayo, msiyapambe. Msiniombee msamaha, huo ni wake, autoe au aunyime. Akinitukana, msimjibu. Akitaka kuketi, mpeni kiti... hiki kilicho karibu nami.

Mungu awape mikono isiyo na haraka. Awape... kinywa kisichochelewa kama changu. Juniper, uwe na maji daima. Alder, nipe mkono... huo, huo. Ulichopanda kikuheshimu. Nimewabariki nyote wawili, pamoja na watakaotoka kwenu...

Ni gari lile? Saa ngapi? ... Amewahi. Kabla ya saa nne... amewahi.

Niinueni. Mto mwingine, mgongoni. Mfungulieni mlango, na msimwambie... Juniper, akiuliza... msimwambie nimelala.