Chungu cha Mama Mkwe

Mwangaluka, ndugu zangu! Bwana apewe sifa. Mniruhusu nishuhudie nimekaa, maana nimechoka, na Mungu anajua nilivyochoka.

Wenzangu wa Nkoma, msimu huu mvua ilitudanganya. Ilinyesha siku mbili, tukapanda mahindi, ikakata. Yakaungua yangali ya kimo cha kidole. Tukapanda tena, yakaja maji ya hasira, yakazoa mbegu na udongo mpaka mtoni. Kisha jua. Jua, jua, jua! Mbegu ikaisha ndani, watoto wakawa wanakunywa uji mara moja kwa siku.

Nikatafuta wa kumlaumu, nikampata mama mkwe. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na chungu, mdomo umezibwa kwa mavi ya ng'ombe, hataki mtu akiguse. Nikasema, haa, kumbe mvua yetu imefungwa humo! Ndugu zangu, naona aibu, nilisema hayo kisimani mbele ya wanawake wote. Vijana wakamletea neno: ikifika Jumamosi awe amehama, la sivyo nyumba inachomwa na yeye ndani. Bibi kizee, wakamwona mchawi kwa macho yake mekundu, kumbe ni moshi wa kuni tu!

Ijumaa asubuhi nikaenda kukivunja mwenyewe. Nilimkuta mlangoni. Hakunitukana. Alisema, "Kizibue taratibu, mwanangu, usimwage."

Nikazibua. Majivu. Chini ya majivu, mtama! Mbegu ya mtama, aliitunza tangu tulipoacha kuulima tukaona mahindi ndiyo maendeleo.

Nikamuuliza, "Mayu, mama yangu, mbona umetuficha na njaa yote hii?"

"Mngeila."

Yesu wangu! Nililia pale pale chini. Kisha nikarudi kisimani, nikawaambia nimemsingizia. Wengine walinizomea, na walikuwa na haki. Lakini Jumamosi hakuna aliyekuja na kiberiti. Walikuja wanawake na vibakuli, mama mkwe akawagawia mbegu kwa mkono wake.

Mtama sasa uko magotini. Kama utakomaa, sijui. Mvua haijaniahidi kitu, na mwili umechoka hata kutumaini. Ila Mungu aliniokoa, nisiwe muuaji wa mama yangu. Asante, Bwana, asante!

Ndugu yangu, kama una jina la mtu mdomoni kwa sababu ya ukame huu, mkabidhi Bwana leo, kisha nenda ukamwombe mtu huyo msamaha angali hai. Wangu yule pale, benchi la nyuma. Bado siwezi kumtazama usoni.