Sufuria Iliyokubali Kutulia

Wamama na wapapa, asanteni kunipa nafasi. Makovu ya mkono huu munayaona kila tukikutana. Leo nitawaambia yalitoka wapi, na nani alinirudisha kazini.

Mimi natengeneza pomade ya kupaka mwili hapa Mangobo, kwa mafuta ya mawese na maji. Kwenye moto, mafuta na maji yalikuwa yanaachana. Maji yanazama chini, joto linayakuta huko. Siku moja yalilipuka, yakarusha mafuta yote. Niliungua toka kiganja mpaka bega. Nilipotoka hospitali, ndugu zangu, nawaambia kweli, hata kuwasha makaa ya chai nilishindwa. Binti yangu ndiye alinipikia.

Humu kati yetu iko mama mmoja anafundisha kemia. Ameinamisha kichwa, hapendi kusifiwa. Bon, leo atavumilia. Wengine waliniambia nitafute kazi ingine. Yeye alikaa karibu na kitanda, akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, kabla mafuta hayajaruka, sufuria ilikuwa inafanya sauti gani?" Nilimwambia ilikuwa inagongagonga chini.

Akanieleza: matone ya mafuta yakipata joto yanagongana, yanaungana, yanayaacha maji peke yake. Kwa hiyo tutafute kitu cha kuyazuia. Tulianza na wanga wa muhogo, ikawa gundi ya kubandika karatasi. Alicheka, akaosha sufuria mwenyewe. Halafu akaleta unga wa utomvu wa mti, ule wanaotia hata kwenye bonbons, peremende za watoto.

"Ndani iko nyuzi ndefu, macho haiwezi kuziona," alisema. "Zinavalisha kila tone nguo. Tone halishikani tena na mwenzake."

Siku ya kupika mimi nilisimama mlangoni. Yeye alitia moto mdogo, akakoroga polepole, mwili wake kati yangu na jiko. Joto likapanda. Pomade ikabaki laini, rangi moja, haikuachana, haikuruka.

"Kuja, Yaya."

Nilienda. Akanipa mwiko. Nilikoroga mpaka mwisho.

Mama, asante. Akili yako ni kubwa, na hukuitumia ukiwa mbali. Asante binti yangu, na ninyi mulionifulia bandeji. Nilichojifunza ni hiki: mutu mwenye woga, musimuhimize tu kwa maneno. Musimame naye pale penye moto.

Jumamosi napika. Anayetaka kujifunza akuje.