Marahaba ya Mama Kauthar

Basi lilikuwa limepita Issuna kitambo, tunakaribia Singida, wakati mwanamke aliyekaa mbele yangu, aliyejitambulisha kama Mama Kauthar, alipomwonyesha jirani yake wa kiti video ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa darasani Marekani, mkono kifuani, akiapia bendera.

Jirani, aliyevaa kitenge cha kwaya, alisikiliza hadi mwisho. “Hata kiapo chao kinamtaja Mungu. Na mwanao Kauthar wanamwacha avae hijabu yake kazini. Unasikitika nini, dada?”

“Hawakumnyang’anya kitu. Anaswali, anafunga. Ila jana nimepiga simu, mtoto ananiambia, ‘Hi, bibi!’ Kauthar anasema akimfundisha shikamoo, wenzake watamcheka.”

“Wajukuu wangu wako hapo Unyambwa tu, Singida hii hii. Kinyaturu, lugha yetu, hawakijui, na hawajaapia bendera ya mtu.”

Hoja ilikuwa sahihi, lakini haikumsaidia yeyote kati yao.

“Sasa ulimjibu nini?” jirani akauliza.

“Nilimwitikia marahaba. Nikangoja aniulize maana yake.”

“Akauliza?”

“Alikuwa ameshamrudishia mama yake simu.”

Jirani akachukua mkoba wake; basi lilikuwa limesimama stendi ya Singida na watu walishaanza kushuka.