Bi Asnath, Msaka Viroboto wa Maabara Yetu

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu hapa Tabora, Bi Asnath Shigela anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Viroboto wa mkoa mzima wamefurahi. Sisi hatujafurahi hata kidogo.

Alianza kazi mwaka 1991, akipima malaria. Hakuchelewa kuona kwamba wagonjwa wengine walimaliza dawa ya malaria mara mbili na homa ikabaki palepale. Akashuku homa inayoenezwa na viroboto wa panya na paka, akaanza kuwauliza maswali yasiyokuwamo kwenye fomu: unalala wapi, unafuga paka, panya wamekufa nyumbani siku hizi? Wengi walinuna. Mama mmoja wa Kwihara aliondoka bila kuaga.

Viroboto aliowakamata majumbani mwa wagonjwa aliwaweka hai kwenye vichupa. Kimoja alikisahau kwenye meza ya chai, na mfamasia wetu Silasi akakifungua akidhani ni iliki. Kikao cha siku hiyo ndicho kifupi kuliko vyote tulivyowahi kufanya.

Mwaka 2016 aliletwa Mzee Muadh Darwesh, mfanyabiashara wa karanga mjini, mwenye homa ya siku tisa, kichwa kikimpasuka na vipele vimejaa kifuani. Malaria haikuonekana. Bi Asnath alishuku homa ya viroboto, lakini familia ilikana katakata. Binti wa mzee, Bi Haifa, alimjibu kwa ukali, "Kwetu panafagiliwa mara tatu kwa siku!" Daktari Bundala alisita kuandika dawa kwa kubahatisha, na mzee alikuwa ameanza kuweweseka. Tuliogopa kumpoteza.

Bi Asnath akavaa soksi ndefu nyeupe, akaenda nyumbani kwao, akasalimia vizuri, akanywa kahawa, akaomba kuonyeshwa ghala la karanga. Alitembea humo dakika tano. Alipotoka, aliinua mguu mbele ya familia nzima na kuhesabu kwa sauti viroboto walioganda kwenye soksi: kumi na mmoja. Bi Haifa aliangua kicheko cha aibu, kisha akalia.

Dawa ilianza jioni ileile. Siku ya tatu mzee aliulizia pilau. Majibu ya damu tuliyoituma maabara kubwa yalithibitisha ugonjwa wiki tatu baadaye, mgonjwa akiwa dukani anagombana na wateja.

Bi Asnath, asante sana. Nenda Ulyankulu ukalime, ulale usingizi mnono, maisha yakuendee vyema. Ulikubali kuonekana huna adabu, na ndiyo maana wapo wazee mjini hapa ambao bado tunawaamkia shikamoo.