Bi. Modesta Nchimbi na Watoto Wanaojikwaa

Mwenzetu Bi. Modesta Nchimbi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja Mtwara kutoka Songea akiwa binti, akawaahidi wazazi wake kwamba angekaa miaka miwili tu. Mtwara ikamkatalia kuondoka.

Ukipita mbele ya Bi. Modesta, ujue unakaguliwa. Dereva wetu Fredi alikuwa anakwenda zake kununua chapati, akaitwa na kuambiwa kwamba nyonga yake ya kushoto haiko sawa. Alicheka. Wiki iliyofuata tulimwona kwenye foleni ya wagonjwa. Sokoni Chikongola wapo wauzaji wanaonyoosha migongo wakimwona anakuja.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuchunguza mwendo wa watoto wanaojikwaa na kuangusha vikombe, wale wanaoitwa wazembe ilhali miili yao imechelewa tu kujifunza kupanga hatua.

Hatutamsahau Somoe wa Mpapura. Baba yake Mustafa, mkulima wa korosho, alimleta akiwa na miaka saba. Alikuwa akianguka kila mara njiani kwenda shule, na jirani alikwishatabiri kuwa miguu yake itapooza. Mustafa alikuwa ameamua kumwachisha masomo.

Mashine ya kupimia mwendo hatukuwa nayo. Bi. Modesta alimlowesha mtoto miguu, akamtembeza kwenye sakafu ya saruji: polepole, kisha haraka, kisha akiwa na kikombe cha maji mkononi. Akapiga magoti kuzisoma nyayo. Hatua moja ndefu, nyingine fupi, miguu imetanuka kama ya mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Akapima nguvu za misuli, akamwita daktari wahakikishe pamoja.

“Baba Somoe,” alisema, “huku si kupooza. Mwendo wake unafundishika, na shule asiache.”

Mustafa alikaa palepale kwenye sakafu yenye maji, kanzu ikalowa, akawa anarudia tu, “Alhamdulillahi.” Sote tulipumua.

Mazoezi yalikuwa marefu, na Somoe bado hujikwaa akiwa na haraka. Lakini yuko sekondari, na anakwenda kwa miguu yake.

Tulihofu kliniki ya watoto ingefungwa. Haifungwi. Elizabeti, aliyefundishwa na Bi. Modesta mwenyewe, ameshapewa kibali cha kuiendesha, na wazazi wameambiwa waje Jumatatu kama kawaida.

Ahsante sana, mama yetu. Mungu akujalie afya na raha huko Songea unakorudi. Kapumzike bila wasiwasi. Watoto wako wana mtu.