Mzee Hesbon Wabwile na Nyama ya Visima vya Nalemsek

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Sirisia na wa Kitale, pamoja na wageni wetu watatu waliosafiri siku mbili kutoka nchi kavu ya kaskazini na ambao wameketi pale karibu na jeneza, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza mzee wetu, na inawaomba mtusikilize kidogo tueleze alivyoishi.

Mzee Hesbon Wabwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Sirisia, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Masibo na marehemu Mama Rasoa. Mwaka wa 1941 baba yake alipata kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba la mlowezi mmoja karibu na Kitale, na huko Hesbon alichunga ndama pamoja na watoto wa vibarua Waturkana, akala nao, akapigana nao, akajua lugha yao kama yetu, hata mama yake akawa anamwonya kwamba siku moja atamwamkia babu yake kwa Kiturkana apigwe bakora.

Alirudi Sirisia mwaka wa 1946 kusoma katika shule ya misheni, akatahiriwa Agosti 1952, akamaliza masomo mwaka wa 1954, na Januari iliyofuata akaajiriwa Kitale kuwa mkalimani wa afisa mmoja Mzungu aliyeshughulikia mipaka ya wafugaji. Alifundishwa kwamba mkalimani kazini si mtu, ni kinywa cha bwana wake, asiongeze wala asipunguze, na kwa kuwa alikuwa kijana mtiifu aliyashika maneno hayo kama amri.

Wakati huo Waturkana wa Mzee Lomuria na jirani zao Wapokot walikuwa wakigombania visima vya Nalemsek, na watu walikuwa wamekufa pande zote mbili. Mzee Lomuria hakuwa na ofisi wala askari, lakini akisema mifugo ihame, jangwa zima lilihama, kwa hiyo serikali ilijua kwamba bila yeye hakuna mpaka. Afisa alikwenda kwake na hema, ramani na mkalimani wake, wakazungumza siku tisa, ikakubaliwa kwamba Waturkana watanywesha ng'ombe asubuhi na Wapokot alasiri, na siku ya Jumanne, tarehe 19 Februari 1957, Mzee Lomuria akatia kidole gumba kwenye karatasi ya serikali.

Kisha akaomba serikali nayo itie sahihi kwa njia ya wafugaji. Alichinjwa fahali mweupe, ini likachomwa na kukatwa mapande matatu, moja la Lomuria, moja la mzee wa Wapokot na moja la afisa. Afisa aliwatazama nzi, akamsogezea Hesbon pande lake akamwambia ale kwa niaba yake. Hesbon, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amemsemea bwana huyo kila neno, hakuona ajabu kumlia pia, akatafuna akameza. Mzee Lomuria alingoja mpaka amalize, ndipo akasema, "Karatasi ni ya mwenye kofia, lakini nyama umekula wewe. Ng'ombe zangu zikifukuzwa hapa, sitamtafuta mwenye kofia."

Kwa desturi ya watu wale, aliyekula ini la mapatano ndiye anayeyabeba, na haonji tena ini lingine mpaka afe. Hesbon aliporudi Kitale hakumwambia mtu.

Tarehe 12 Desemba 1959 alifunga ndoa kanisani na Mama Dorcas Nakhungu wa Matulo. Krismasi hiyo bibi harusi alimpikia maini, naye akala ugali mtupu, na hata mara ya pili akafanya vilevile, ndipo Mama, aliyekuwa hajazoea kumjibu mume, akasema, "Kama sijui kupika, si uniambie tu?" Mzee akamweleza yote, naye kuanzia siku hiyo hakupika tena maini katika nyumba yake. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza akiwa Matthew, na mmoja wao, Mulongo, alitangulia mwaka wa 1970 akiwa mchanga.

Mwaka wa 1961 alikuja afisa mwingine, akauchora mpaka upya kwenye ramani, na visima vyote vikawa upande wa Wapokot. Hesbon aliitwa aende akaisome amri hiyo mbele ya Mzee Lomuria. Alijibu kwamba hawezi, kwa sababu yeye ndiye aliyekula. Afisa alimwuliza kama amelewa, akamfukuza kazi siku hiyohiyo, wakati huo Mama akiwa na mimba ya mtoto wao Nabwile. Hesbon hakurudi Sirisia kwanza, alidandia lori la mahindi mpaka linapoishia, akatembea siku tatu, akafika Nalemsek kabla ya amri kufika. Aliketi kati ya kambi mbili ambazo tayari zilikuwa zimesikia fununu na zinanoa mikuki, akawaambia kwamba ramani imebadilika lakini tumbo lake halijabadilika, na kama kuna mwenye hasira aanze naye. Wazee waliokula pamoja naye walikuja wakaketi kando yake, na siku hiyo ng'ombe walinyweshwa asubuhi na alasiri, kama ilivyopatanwa.

Baada ya miezi kumi na minne bila kazi, marehemu Bwana Madanlal, mwenye duka la jumla Kitale, alimwandika kusimamia malori yake, na alifanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka wa 1989. Bwana Madanlal alimpa ruhusa ya siku nane kila mwaka kabla ya kiangazi aende Nalemsek, akiwatania wateja kwamba karani wake amekwenda kuangalia tumbo lake. Mzee hakukosa safari hiyo hata mwaka mmoja, mpaka 2016 miguu ilipokataa.

Machi 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa Bungoma, akapata nafuu, akazidiwa tena baada ya Pasaka mwaka huu, na akatutoka Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa.

Jumatano walifika wageni wetu, Bwana Ekai, mjukuu wa Mzee Lomuria, na wazee wawili wa Kipokot, wote katika gari moja. Walieleza kwamba mtu wa nyumba hii asipokula ini la mapatano kabla udongo haujamfunika Mzee, mapatano yatazikwa naye, na vijana wa huko siku hizi hawabebi tena mikuki, wanabeba bunduki. Matthew alisema yeye ni mzee wa kanisa na jambo hilo lampa shida moyoni, na familia ilizungumza siku mbili bila kuelewana. Jana Mama Nakhungu alisema, "Miaka sitini na tano nimepika bila maini. Msinifanye niwe nimejinyima bure."

Leo asubuhi, hapo langoni, mchungaji aliiombea nyama, na Matthew akala pamoja na wageni wetu. Mke wake naye ameshaambiwa asinunue maini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma waliomhudumia Mzee kwa upole, majirani waliochota maji na kupasua kuni wiki nzima, wenzake wa zamani wa Kitale, na familia ya Bwana Madanlal, inayowakilishwa hapa na Mama Shweta.

Mzee Hesbon, Kuka, babu yetu, pumzika kwa amani, maana alasiri hii tunapokulaza, ng'ombe wa Wapokot wananywa maji Nalemsek.